Ziwa, Chupa na Utumbo

Mwezi wa Mei 1859, mjini Richmond kando ya mto Thames, alifariki mwanamke aitwaye Isabella Bankes baada ya wiki kadhaa za kutapika na kuhara. Alikuwa na mimba changa. Mwanamume aliyeishi naye, Thomas Smethurst, alikuwa daktari, tena alikuwa na mke mwingine ambaye hakumpa talaka. Siku chache kabla ya kifo chake, Bankes alikuwa ametia saini wosia wa kumwachia Smethurst mali yake. Watu wakajumlisha wenyewe. Smethurst alikamatwa, akashitakiwa kwa kumlisha mwenzake sumu.

Upande wa mashitaka ulimtegemea Alfred Swaine Taylor, bingwa wa sumu aliyesifika kuliko wote Uingereza wakati huo. Taylor alipima chupa moja iliyochukuliwa nyumbani kwa mshitakiwa, akasema ina aseniki. Baadaye ikambidi akiri kwamba aseniki ile haikutoka katika chupa, bali katika shaba aliyoitumia yeye mwenyewe kupimia. Hata hivyo, jopo la wananchi waliosikiliza kesi lilimtia Smethurst hatiani, akahukumiwa kunyongwa. Madaktari na wanasheria walipiga kelele magazetini mpaka kesi ikapitiwa upya. Alisamehewa kosa la kuua, kisha akafungwa mwaka mmoja kwa kufunga ndoa ya pili, ile ya Bankes, huku ya kwanza ingalipo.

Wakati wa zogo hilo, daktari Samuel Wilks wa hospitali ya Guy's, London, aliyachunguza matumbo ya marehemu. Aliona utumbo mpana umejaa vidonda, na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba imevimba na kuwa nyekundu. Mwaka huohuo aliliandikia jarida la kitabibu akieleza kwamba haya ni maradhi yanayojitegemea, ya vidonda vya utumbo mpana. Waliokuja kuyasoma maelezo yake karne moja baadaye walisema huenda Bankes alikuwa na maradhi mengine ya ukoo huohuo, yale ambayo leo huitwa maradhi ya Crohn.

Tangu hapo madaktari walikuwa na jina, lakini hawakuwa na sababu. Kwa nini utumbo wa mtu aliyekuwa mzima uvimbe, utoke vidonda na kuvuja damu, upoe kwa miezi, kisha uanze tena, maisha yake yote? Kwa zaidi ya miaka 160 walitafutwa watuhumiwa wengi: vijidudu, hofu, damu ya ukoo, sigara, sukari. Historia hii inamhusu mtuhumiwa mmoja tu, ambaye jalada lake lilifunguliwa Oxford mwaka 1961 na mpaka leo halijafungwa: mtoto kukosa ziwa la mama.

Chupa yaingia nyumbani

Wilks alipokuwa akiandika barua yake, ulishaji wa watoto Ulaya ulikuwa umeanza kubadilika. Mwaka 1865 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alitangaza chakula cha watoto wachanga kilichochanganywa kwa unga wa ngano, kimea na maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1867, mjini Vevey, Uswisi, Henri Nestlé akaanza kuuza unga wake wa maziwa, ngano na sukari. Watoto waliokosa mama, au ambao mama zao walishinda viwandani, walipata kitu cha kula, na wapo walioponea hapo.

Ila chombo chenyewe kilikuwa balaa. Nchini Uingereza ilipendwa sana chupa ya kioo yenye mrija mrefu wa mpira. Mtoto alilazwa, chupa ikawekwa kando yake, akanyonya mwenyewe bila kushikiwa. Ndani ya mrija ule brashi haikupita. Maziwa yaliganda humo, yakachacha, na yale ya asubuhi yakamwagiwa juu ya mabaki ya jana. Kila kiangazi watoto wa mijini walikufa kwa kuhara, na waliokufa zaidi ni wale wa chupa. Kwamba maziwa ya mama humkinga mtoto mchanga na kuhara lilikuwa jambo la kuonwa kwa macho kabla halijawa jambo la maabara.

Maabara nayo haikuchelewa. Mwaka 1886 Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyefanya kazi Munich, alichapisha kitabu kuhusu bakteria wa utumbo wa watoto wachanga. Mmoja wa bakteria aliowaeleza ndiye anayebeba jina lake leo, Escherichia coli. Karne ilipokuwa ikigeuka, Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alichunguza vinyesi vya watoto wanaonyonya, akakuta vimetawaliwa na bakteria mwenye umbo la panda, aliyemwita bifidus. Kwa watoto wa chupa hakumwona kwa wingi ule. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikwisha kujulikana kwamba namna mtoto anavyolishwa huamua ni viumbe gani watakaokaa tumboni mwake. Hakuna aliyeuliza ukaaji huo unamfanyia nini mtu akifika miaka 20 au 30.

Wagonjwa 14 wa New York

Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, yaani Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walieleza habari za wagonjwa 14. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba wa kila mmoja ilikuwa imevimba, kuta zimekuwa nene, njia imebana. Kifua kikuu cha utumbo, ambacho kingefanana na hali hiyo, hakikuonekana. Wengi wa wagonjwa hao walipasuliwa na A. A. Berg, mkubwa wa wapasuaji pale, lakini Berg hakutaka jina lake liwekwe kwenye makala. Majina yakapangwa kwa alfabeti, na maradhi yakamwangukia Crohn. Daktari Mskoti Kennedy Dalziel alikuwa ameeleza wagonjwa wa namna hiyo tangu 1913, lakini jina la New York ndilo lililoshika.

Kuanzia hapo yakawa maradhi mawili yanayokaa chini ya paa moja. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana tu, kwenye ngozi yake ya ndani. Maradhi ya Crohn yanaweza kuibuka popote kati ya mdomo na njia ya haja kubwa, na huchimba ukuta mzima wa utumbo. Yote mawili ni kinga ya mwili iliyokosa kipimo: askari waliowekwa kuulinda utumbo wanaushambulia. Wagonjwa waliongezeka Ulaya na Marekani Kaskazini katika karne yote ya 20, tena katika nyumba zenye maji safi, friji na maziwa ya kopo.

Swali la Oxford

Sidney Truelove alikuwa daktari wa Oxford aliyeijua kolaitisi kuliko wengi wa rika lake. Mwaka 1955 yeye na Leslie Witts walitoa matokeo ya mwisho ya jaribio la dawa ya kotisoni kwa wagonjwa 210, jaribio lililothibitisha kwamba maradhi yale yanaweza kutulizwa. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyeshambuliwa vikali alikuwa na hatari kubwa ya kufa.

Kutuliza ni jambo moja, kujua chanzo ni jingine. Truelove aliyatilia shaka maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1961 alieleza habari za wagonjwa wachache ambao maradhi yao yalitulia walipoacha maziwa na kurudi walipoyanywa tena. Kama maziwa ya ng'ombe humchokoza mtu mzima, je, si zaidi kwa mtoto wa wiki moja ambaye utumbo wake bado haujakomaa?

Mwaka huohuo yeye na Donald Acheson, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya Uingereza, walichapisha uchunguzi katika British Medical Journal. Waliwalinganisha watu wenye kolaitisi na watu wasiokuwa nayo, wakiuliza kila mmoja alilishwaje alipozaliwa. Miongoni mwa wagonjwa, sehemu ya waliolishwa chupa tangu mwanzo au walioachishwa ziwa kabla ya wiki mbili ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya wasio wagonjwa.

Ilikuwa habari nzito. Lakini hapa ndipo msomaji anapaswa kuikumbuka shaba ya Taylor na kuuliza: kipimo chenyewe ni kisafi? Mtu wa miaka 40 hawezi kukumbuka alivyonyonya. Jibu lazima litoke kwa mama yake, mzee wa miaka 60 na zaidi, anayeulizwa juu ya wiki zilizopita miongo minne nyuma, pengine kati ya watoto sita au saba aliowazaa. Tena anaulizwa wakati mwanawe ni mgonjwa, naye usiku halali akijiuliza alikosea wapi. Mama wa mtu mzima wa afya hana sababu ya kulichimbua jambo hilo hivyo. Kumbukumbu hizo mbili hazina uzito sawa.

Nje ya hospitali

Wakati Oxford wakihesabu wagonjwa, Afrika Mashariki palikuwa na madaktari walioshangazwa na jambo la kinyume. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na Denis Burkitt walifanya kazi miaka mingi wakiona nadra sana maradhi ya utumbo mpana yaliyokuwa ya kawaida Uingereza, kuanzia kidole tumbo hadi saratani. Burkitt aliporudi kwao aliziandikia hospitali nyingi za Afrika kuuliza wanaona nini, akafikia kuamini kwamba siri iko kwenye makapi ya nafaka na mboga. Angeweza pia kutaja ziwa, maana watoto wa Uganda walinyonya mwaka na zaidi, au minyoo, au uhaba wa vifaa vya kuchunguza utumbo. Uchache wa ugonjwa mahali fulani unaweza kuungwa mkono na nadharia yoyote.

Mwenzao wa Makerere, profesa wa watoto Derrick Jelliffe, alilitazama ziwa lenyewe. Aliona wodini watoto waliodhoofika kwa sababu matangazo yaliwashawishi mama zao waache kunyonyesha, na baadaye akadai hadharani kwamba utapiamlo huo umeletwa na biashara. Cicely Williams alikuwa amemtangulia: mwaka 1939, mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore, alisema kuwauzia maskini maziwa ya kopo badala ya ziwa ni sawa na kuua. Mapambano hayo yalizaa mgomo dhidi ya Nestlé mwaka 1977, na Mei 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118 dhidi ya 1. Iliyopinga ni Marekani.

Ni vizuri kukumbuka kwamba hoja zilizoshinda kura ile zilihusu kuhara, njaa na vifo vya watoto. Ushahidi juu ya uvimbe wa utumbo ulikuwa bado mwembamba, na haukuhitajika.

Ndugu wa nyumba moja

Mwaka 1989 kikundi cha watafiti wa hospitali ya watoto ya Toronto, kikiongozwa na Sibylle Koletzko, kilitafuta kipimo kilicho safi zaidi. Walichagua familia 114 zenye mtoto aliyepatwa na maradhi ya Crohn, wakamlinganisha na ndugu zake wasio wagonjwa. Hapo mama ni yuleyule, jiko ni lilelile, kipato ni kilekile. Walikuta kwamba kutonyonyeshwa kuliambatana na uwezekano wa Crohn ulio zaidi ya mara 3, na kuhara utotoni nako kulijitokeza kuwa hatari. Waliporudia njia hiyohiyo kwa kolaitisi ya vidonda mwaka 1991, ziwa halikuonyesha tofauti yoyote. Swali lililoanza Oxford kwa kolaitisi likajibiwa Toronto kwa Crohn.

Kisha hesabu zikaanza kugongana. Mwaka 2004 Eyal Klement na wenzake walikusanya tafiti 17, wakaona kwamba walionyonyeshwa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata maradhi yote mawili: pungufu ya takriban asilimia 33 kwa Crohn na asilimia 23 kwa kolaitisi. Mwaka mmoja tu baadaye, utafiti wa watoto wa kaskazini mwa Ufaransa ukatoa jibu lililopinduka: walionyonyeshwa ndio waliopata Crohn zaidi. Mwaka 2013 yakaja matokeo ya wauguzi wa Marekani zaidi ya 140,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Kunyonyeshwa hakukuonekana kupunguza wala kuongeza.

Sehemu ya mgongano huu inaelezeka. Katikati ya karne ya 20, Marekani, chupa ilikuwa alama ya usasa, na waliosoma waliikimbilia kwanza. Miongo michache baadaye waliosoma ndio waliorudi kwenye ziwa. Maradhi haya nayo hupenda nyumba zenye nafasi. Kwa hiyo utafiti unaweza kudhani unapima maziwa kumbe unapima mshahara, na mwelekeo wa kosa hugeuka kulingana na mwaka na nchi. Tena tafiti nyingi huuliza "alinyonya au hakunyonya" tu, wakati mtoto wa siku kumi za ziwa na wa miaka miwili hawawezi kuwekwa kapu moja.

Muda ulipoanza kuhesabiwa, picha ilinyooka kidogo. Mwaka 2015 Siew Ng wa Hong Kong na wenzake wa nchi kadhaa za Asia na Pasifiki waliripoti kwamba walionyonya zaidi ya miezi 12 walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kupata maradhi yote mawili. Mwaka 2017 Xu na wenzake walijumlisha tafiti 35: pungufu ya takriban asilimia 29 kwa Crohn na 22 kwa kolaitisi, na waliofikisha miezi 12 walikingwa zaidi ya walioishia 3 au 6. Hiyo ndiyo hesabu kubwa inayotajwa sana leo.

Ndani ya tone

Takwimu peke yake zisingemshawishi mtu kama maziwa yenyewe yangekuwa maji meupe. Hayako hivyo. Mwaka uleule wa 1961, Lars Hanson wa Gothenburg, Uswidi, alionyesha kwamba kingamwili iliyomo katika maziwa ya mama, ile ya aina A, si sawa na iliyomo katika damu. Imetengenezwa kustahimili tumboni, na hung'ang'ania vijidudu kabla havijagusa ukuta wa utumbo. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, ndiyo yenye kingamwili hiyo kwa wingi zaidi.

Ajabu nyingine ni sukari zake. Baada ya laktosi na mafuta, kitu kigumu kilicho kingi zaidi katika maziwa ya mama ni kundi la sukari tata ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni zikafika utumbo mpana zikiwa nzima. Katika miaka ya 1950 Paul György wa Philadelphia na Richard Kuhn wa Heidelberg waliyaonyesha matumizi yake: ni chakula cha bifidus, yule bakteria wa Tissier. Mama humlisha mtoto, na pia huwalisha wapangaji anaotaka wakae kwa mtoto.

Wapangaji hao huifundisha kinga changa ya mtoto nani wa kumpiga na nani wa kumwacha. Kwa kuwa maradhi ya Crohn na kolaitisi ni kinga inayokosea hukumu hiyo, njia kutoka kwenye ziwa hadi utumbo wa mtu mzima ina mantiki. Mantiki si uthibitisho, lakini inaeleza kwa nini wanasayansi hawajalitupa jalada licha ya tafiti zinazopingana.

Hukumu

Basi tuseme nini? Uzito wa ushahidi unaegemea upande wa ziwa: kunyonya, hasa kwa muda mrefu, kunaelekea kupunguza uwezekano wa maradhi haya. Lakini kipimo chake kiwekwe mahali pake. Katika nchi zinazoongoza kwa wagonjwa, idadi yao hupita watu 3 katika kila 1,000. Hata tukikubali punguzo la theluthi nzima, kinga hiyo inamwokoa mmoja kati ya kila watatu wa namna hiyo, na watu wengi waliolelewa kwa chupa hawatayaona maradhi haya kamwe. Wapo pia walionyonya miaka miwili wakaugua.

Kwa hiyo mama ambaye mwanawe ana Crohn asibebeshwe lawama. Hakuna utafiti wowote katika historia hii unaoweza kumwambia kwamba ni yeye. Na mama ambaye mwenyewe ana maradhi haya asiogope kunyonyesha: dawa nyingi za utumbo hazimzuii, ingawa chache, ikiwemo methotrexate, zinamzuia, amwulize daktari wake kabla ya kujifungua, wala asiache dawa kwa kujiamulia.

Huku kwetu, mgonjwa wa kuhara damu huanza kwa kudhaniwa ana amiba, kuhara damu kwa bakteria au kifua kikuu cha utumbo, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini tafiti za karne hii zinaonyesha maradhi ya Crohn na kolaitisi yakiongezeka katika nchi za Asia, Amerika Kusini na Afrika ambazo miji yake inakua haraka. Anayeendesha damu kwa wiki nyingi, dawa za amiba zikamshinda, apelekwe achunguzwe utumbo kwa kamera.

Lililobaki ni la watunga sheria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, ya Kenya miezi 3. Kumhimiza mama anyonyeshe miezi 6 huku mwajiri anamtaka kazini mwezi wa 3 ni kumtwika mzigo peke yake. Likizo hiyo iongezwe, na kila mahali pa kazi pawe na chumba safi cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa.